Uliza Mwalimu: Kwa nini mwanangu anaandika "keto" badala ya "kesho"?

Toleo lililopita kuna mzazi aliniuliza swali dogo tu, kama mtoto anayevaa mashine ya masikio anaweza kufanya imla na wenzake darasani, nikajibu mistari minne nikajua yameisha. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika, za wazazi, za walimu, ya bibi mmoja, mpaka ya mwanafunzi mwenyewe, na karibu zote zinazunguka palepale, mtoto haskii vizuri na daftari lake la imla ni wekundu mtupu. Kwa hiyo safari hii maswali mengine yote nimeyaweka pembeni tunakaa na hili. Barua ndefu nimezipunguza, majina nimeyatoa.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mama wa watoto watatu, huyu wa kati ana miaka tisa, aligundulika ana tatizo la kusikia akiwa na miaka sita na nusu, kabla ya hapo tulikuwa tunajua ni mtundu tu haskii makusudi. Sa hivi anavaa mashine masikio yote mawili. Anaongea, anaelewa, ukimwita anaitika. Sasa shida iko kwenye kuandika. Akikopi ubaoni haachi hata nukta, mwandiko mzuri kuliko wa dada yake, lakini ikija imla ni majanga, mbili kwa kumi, akijitahidi sana tatu. Nakuandikia sentensi moja kutoka kwenye daftari lake la juzi. Mwalimu alisoma "Shule inafungwa kesho, mtoto asisahau daftari", yeye kaandika "Chule inapugwa keto, toto atitaau datari". Mwalimu wake anasema ni mvivu na hazingatii. Kitu kingine kinachonichanganya, akisomewa na mjomba wake anapata sita mpaka saba, nikimsomea mimi mbili, mpaka naona labda ananidekea. Je ni uvivu, ni akili, au mashine hazifanyi kazi?
*Mama wa Watatu*

JIBU: Marahaba mama. Nianze na hilo la uvivu ili upate usingizi: mvivu hakosei hivi. Mvivu anaruka maneno, anaishia nusu ya sentensi, anachora gari pembeni. Huyu wako kaandika sentensi nzima, maneno yote, kwa mpangilio wake. Nimeichukua nikaiandika upya, ya mwalimu juu ya kwake chini, na wewe fanya hivyo hivyo leo usiku uone kitu. Angalia irabu kwanza. u-e, i-a-u-a, e-o, endelea mpaka mwisho, zote zipo, hakuna hata moja iliyopotea wala kugeuka. Sasa angalia zilizoharibika: sh, f, s, h, na zile m na n zinazotangulia konsonanti nyingine. Basi, hakuna zaidi. K imekaa, l imekaa, t imekaa, r imekaa. Hiyo siyo bahati mbaya, hiyo ni ramani ya sikio lake, yaani mtu angenipa hilo daftari bila kuniambia chochote ningesema huyu mtoto akapimwe, tena waangalie sana sauti za juu, yaani zenye mlio mwembamba.

Sababu ni hii. Sauti za maneno hazina nguvu sawa. Irabu ni nzito, na nguvu yake kubwa iko chini, ndo maana ukimwita jina anaitika, anaskia a na o za jina lake mengine anamalizia mwenyewe. Lakini s, f, sh, th ni upepo tu unaopita kwenye meno, ni nyepesi halafu zimekaa juu, s inaanzia kama hezi 4000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa mlio) kwenda mpaka 8000 huko, na watoto wengi walioathirika sikio la ndani huko juu ndiko wanakopoteza zaidi. Kwa hiyo anaskia kwamba mtu kaongea ila haskii kasema nini hasa. Chukua neno "sisi" utoe s, kinabaki nini? ii. "Fisi" nayo ii. "Hizi" ukiwa na bahati mbaya nayo ii. Sasa mtoto aandike lipi?

Na Kiswahili bwana kina mambo yake. Kinaandikwa kama kinavyosikika, ndo raha yake, mtoto akishajua silabi anaandika hata neno ambalo hajawahi kuliona. Raha hiyo hiyo ndo inamuumbua mwanao, kwa sababu na yeye anaandika kama kinavyosikika, ila kinavyosikika kwake. Pale ambapo hakusikia kitu anajaza kinachofanana. Ona sh, kwenye "shule" kaweka ch, kwenye "kesho" kaweka t, sauti ni ile ile moja. Hapo anabahatisha. Kwenye "shule" labda aliona midomo ya mwalimu imechomoza akapata pa kuanzia, ilipofika "kesho" mwalimu ameshageukia upande wa pili.

Halafu kuna hiyo "toto". Nakuomba ufunue kurasa za nyuma uangalie "mtu" na "mti" kaandikaje, nabashiri kaandika sawa. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwenye "mtu" mkazo unaangukia hiyo m yenyewe kwa hiyo inasikika, kwenye "mtoto" mkazo umeenda kwenye "to" ya kwanza na m imebaki kamlio kadogo ka puani kanakopita haraka. Viambishi vyetu vingi vimekaa hapo mwanzoni pasipo na mkazo, ndo maana watoto hawa wanaandika "meenda" badala ya "ameenda", na "nilimwona" inakuwa "niliona", ambayo nayo ni neno sahihi, mwalimu anapita hata hajui kuna kitu kimeanguka.

Akili haina shida. Mtu anayekopi bila kukosea na anayeshika irabu zote kwa masikio ya namna hiyo, akili anayo ya kutosha. Ila kumbuka hesabu moja ambayo wazazi wengi wanaisahau: ana miaka tisa ya kuzaliwa, lakini masikio yake yameanza kazi vizuri miaka miwili na nusu iliyopita. Wenzake wamezisikia hizo s tangu wakiwa wachanga.

Sasa mashine. Mashine inaongeza sauti, haiponyi sikio. Kama nywele ndogo za kwenye koklea, yaani ile sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, zimekufa, hata ukipandisha sauti vipi inafika kubwa lakini imechakaa, kama redio yenye spika iliyopasuka. Tena mashine nyingi hazina nguvu kule juu kabisa zinakoishia s. Na hapo ndo unapata jibu la mjomba. S ya mwanamke na ya mtoto iko juu zaidi kuliko ya mwanaume, ya mwanaume inashuka kidogo, kwa hiyo inaweza kuangukia ndani ya eneo ambalo mashine inalifikia na ya kwako ikapita juu yake. Hakudekei! Inawezekana pia mjomba anakaa karibu na anasoma taratibu, sijui, mwangalie siku moja bila kumwambia.

Kila asubuhi kabla hajaenda shule mfanyie kipimo cha dakika moja. Simama nyuma yake kama mita moja asione midomo, tamka kwa sauti ya kawaida sauti sita: a, i, u, m, sh, s, yeye arudie unachosema. Sita hizo zilipangwa na Daniel Ling, mtaalamu wa watoto wasiosikia, na uzuri zote sita zipo kwenye Kiswahili hutafuti kitu. U na m ziko chini, sh iko juu, s ndo juu kabisa. Usizifuate kwa mpangilio ule ule, na katikati kaa kimya wakati mwingine maana watoto ni wajanja, wanashika mdundo. Jana karudia zote leo kakwama kwenye s na sh, angalia betri, angalia kile kiplastiki cha sikioni kama kimeziba nta, na kama kinapiga mluzi basi sikio limekua kimekuwa kidogo, kinatakiwa kingine. Asipoisikia s siku zote hata mashine ikiwa nzima, rudi kwa waliompima, nenda na daftari la imla mkononi, mwambie mpimaji aone. Usione aibu, lina habari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kumweleza.

Nyumbani cheza naye kadi. Andika saa, taa, paa, faa, kaa, vaa, kila moja na mchoro wake kadiri utakavyoweza. Yote yana aa, tofauti ni hiyo herufi ya mbele tu. Anza na mbili, saa na taa, akikuona usoni kwanza, aweke kiganja mbele ya mdomo wako: t inampiga mara moja, s ni upepo unaoendelea. Akishazoea kaa ubavuni mwake asione mdomo. Kuna s ambazo hatazisikia hata ufanyeje, hizo inabidi azijue kwa njia nyingine, na kwenye "asisahau" njia ipo. Mfundishe kwamba "asi" ni kipande cha kukataza, asiende, asilale, asicheze, akishakijua kama kipande ataandika s kwa sababu anajua lazima iwepo, sikio liseme lisiseme. Mi naona hapo ndo pa kuwekea nguvu kubwa, kuliko kumkalisha saa nzima arudie "sa se si" ambayo haimfikii.

Na ile karatasi ya mistari miwili, ya mwalimu juu ya mtoto chini, mpelekee mwalimu wake. Mpe tu aangalie, usigombane naye.

SWALI: Habari za kazi mwalimu mwenzangu. Darasani kwangu nina watoto zaidi ya sabini, mmoja wa kike anavaa mashine sikio moja, la pili mzazi alinieleza haliskii kabisa. Nimemkalisha mbele. Imla zinamshinda. Nikimwonea huruma nikimpa maksi za bure wenzake wanalalamika, nikisahihisha kama wengine anapata sifuri analia. Nimejaribu kupaza sauti na kuvuta maneno, "shuuuu-leeee", ndo kabisaa anaharibu. Nifanyeje?
*Mwalimu wa Darasa la Tatu*

JIBU: Salama mwalimu, pole na hiyo sabini. Kupaza sauti acha kuanzia kesho. Ukipiga kelele zinazovimba ni irabu, ambazo alikuwa anaziskia tayari, sh yenyewe inabaki kaupepo kale kale na sasa imezidiwa. Kuvuta nako kunavuruga midomo, anaona umbo ambalo hajawahi kuliona. Sema kawaida, taratibu kidogo, neno likiwa ndani ya sentensi fupi.

Tatizo letu walimu ni kutembea. Sote tunafanya, unasoma imla huku unazunguka kati ya madawati, unakagua huyu unamkemea yule, na mtoto anayetegemea uso wako anakuona kisogo. Sauti kila umbali ukizidi mara mbili inapungua kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ukiwa mita moja anakupata, ukifika mita nne umeshampotezea desibeli 12, na hapo kuna sabini wanaoburuta viti. Mtoto mwenye mashine anahitaji sauti yako izidi kelele za darasa kwa kama desibeli 15. Kwa sabini huwezi kupata hiyo kwa mdomo mtupu, kwa hiyo wakati wa imla simama sehemu moja, karibu yake, mwanga uwe usoni kwako usiwe nyuma yako. Kuna vifaa vya maiki ndogo ambayo mwalimu anaivaa shingoni sauti inaenda moja kwa moja kwenye mashine, vinasaidia sana, mzazi akivipata vaa na usione haya. Na mbele kabisa siyo lazima pawe pazuri, kama ni jirani na mlango bora mstari wa pili pembeni, lile sikio lenye mashine likuelekee wewe.

Maksi sasa. Imla inapima vitu viwili kwa mpigo, unasikia? na unajua kuandika? Kwa watoto wengine lile la kwanza halipo hata kwenye hesabu, kwa huyu ndo linakula maksi zote. Wewe unataka kujua la pili. Basi mpe njia nyingine ya kulifikia neno, bandika picha kumi ubaoni, darasa zima liandike majina yake, wote sawa, hakuna wa kulalamika. Mara moja kwa wiki inatosha. Na ile imla ya kusoma mpe maneno siku moja kabla akayaangalie, macho yake yashibe, ukilitamka kesho yake anakuwa anachagua kati ya maneno anayoyajua hachimbi gizani.

Jambo lingine, tenganisha makosa. Akiandika "samani" akimaanisha "thamani", au "zana" kwa "dhana", kabla hujasema ni sikio angalia wenzake wangapi wameandika hivyo hivyo. Kwa darasa lolote utakuta nusu. Hayo ni ya matamshi tu ya watu wanaowazunguka. Ila akiandika "kiu" kwa "kisu" na ni yeye peke yake, hiyo ni ya sikio.

Usitegemee midomo nayo kupita kiasi. Simama mbele ya kioo useme bila sauti: baba, papa, mama. Umeona? Ni kitu kimoja. Na k na g ndo hazionekani kabisa ziko nyuma kooni. Hilo la midomo kufanana lilimsumbua hata R. Orin Cornett wa Gallaudet, chuo cha viziwi Marekani, mwaka 1966 akabuni mfumo wa kuongea huku mkono unasaidia, maumbo 8 ya vidole na sehemu 4 karibu na uso, ili yale yanayofanana mdomoni yatofautiane mkononi. Huo ulianzia kwenye Kiingereza na si lazima uusomee, lakini wazo unaweza kuliiba. Gusa pua ukitamka m na n, gusa koo ukitamka b, d, g zinazotetemesha koo, p, t, k usiguse. Ishara mbili tu, darasa zima litazipenda, watoto wanapenda siri.

SWALI: Mwalimu mwanangu wa kiume miaka sita kuna wiki anapata tisa imla kuna wiki anapata nne, daktari alisema ana maji nyuma ya ngoma ya sikio yataisha yenyewe, mama yake anasema maji hayawezi kuharibu kuandika. Nani mkweli?
*Baba Mwenye Haraka*

JIBU: Daktari mkweli, mama mkweli nusu. Maji hayo mara nyingi yanaondoka yenyewe ndani ya miezi mitatu, lakini yakiwepo mtoto anasikia kama mtu aliyeziba masikio kwa vidole, anapoteza kama desibeli 20 mpaka 30 hivi. Anaskia kelele, haskii herufi. Na kwa miaka sita ndo kwanza anajifunza sauti hii ni herufi hii, leo "sa" inasikika hivi, wiki ijayo imekuwa "a", atashikaje? Mwambie mwalimu wake siku akiwa ameziba, amsogeze. Masikio yote mawili yakizidi miezi mitatu rudi kwa daktari wa masikio, kuna kabomba kadogo kanawekwa kwenye ngoma ya sikio hewa iingie. Usimtie matone ya kujinunulia wala pamba za kuchokolea, maji yako nyuma ya ngoma, hufiki.

SWALI: Mwanangu mwalimu, mjukuu wangu ni kiziwi tangu kuzaliwa, ana miaka kumi na mmoja, shule yao wanafundishwa kwa mikono. Nampenda sana na ishara nyingi nimejifunza kwa ajili yake. Juzi kanionyesha kaandika "mti jana kata baba", na shule kaandika "shuel". Watu wananiambia mikono ndiyo inamharibia, nimkataze nyumbani aongee kwa mdomo. Wengine wanamwita bubu, inaniuma. Nimkataze?
*Bibi*

JIBU: Shikamoo bibi. Usimkataze, nakuomba sana. Mawazo hayo ni ya zamani, mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakapitisha kwamba watoto wafundishwe kwa mdomo ishara ziachwe, na watoto wengi mno wakakaa darasani miaka wakiangalia midomo bila kupata lugha yoyote. Ilichukua mpaka mwaka 2010, kwenye mkutano wa Vancouver, Kanada, ndipo walimu wa viziwi wa dunia wakasema hadharani kwamba wanaukataa uamuzi ule na wanausikitikia. Wewe bibi uliyejifunza mikono uzeeni umewazidi. Mtoto lazima awe na lugha moja iliyokamilika kichwani ndipo aandike ya pili, na ya mjukuu wako iko mikononi. Na bubu siyo, anaongea, wao ndo hawajui lugha yake.

Sasa tuangalie alichoandika. Kwenye barua ya kwanza hapo juu kuna mtoto anaandika "keto", anaandika kwa sikio na sikio linamdanganya. Wako kaandika "shuel". Hebu hesabu, s, h, u, e, l, herufi zote tano zipo, hakuna iliyopungua, zimepishana viti tu. Huyu haandiki kwa sikio, anaandika kwa macho, analikumbuka neno kama unavyokumbuka sura ya mtu. Watafiti waliochunguza watoto viziwi wanaosoma Kiingereza nao waliona kitu kama hicho, makosa yanayofuata sauti kwao ni machache kuliko kwa wenzao wanaosikia. Kwa mtoto wa namna hii kumwambia "sikiliza vizuri" ni kumchosha bure. Mkatie neno vipande, shu-le, aandike kila kipande kwa vidole, shu, atulize mkono, le. Alfabeti ya vidole siyo kitu cha kuja juzi, kitabu cha Juan Pablo Bonet kilichochapwa Hispania mwaka 1620 kina michoro yake, na kwa tahajia ndo dawa yenyewe maana herufi zinapita moja moja kwa mpangilio, mkono unakumbuka.

Na "mti jana kata baba" hiyo siyo tahajia bibi, hiyo ni sarufi ya ishara kaimimina kwenye karatasi ya Kiswahili. Kwa mikono sentensi hiyo ina maana kamili, kumekatwa mti, jana, na baba. Kiswahili kinataka "Baba aliukata mti jana". Hilo "aliukata" tu ndani yake kuna mambo manne: a ni baba, li ni wakati uliopita, u ni mti, kata ndo kitendo. Sisi tumelisikia tangu tumboni hatujui hata kama lina vipande, yeye hajawahi kulisikia hata mara moja. Chukua karatasi, mkatie vipande vinne kweli, a, li, u, kata, apange. Halafu toa u uweke vi, "alivikata", muulize vimekatwa nini sasa. Leo kipande kimoja kesho kingine, usimpe vyote kwa pamoja utamkimbiza. Aanze yeye kwa ishara, wewe uelewe, ndipo muiandike pamoja. Sentensi anayo tayari, anachotafuta ni nguo yake ya Kiswahili.

SWALI: Mambo mwalimu. Nina miaka 17, sikio la kulia halifanyi kazi tangu nilipougua matumbwitumbwi nikiwa mdogo, la kushoto zima. Nachanganya r na l kwenye kuandika, wanafunzi wenzangu wanasema ni kwa sababu ya sikio, wananicheka. Nimeacha hata kuludia maswali darasani nikiwa sijasikia. Nikavae mashine?
*Sikio Moja*

JIBU: Poa mdogo wangu. Matumbwitumbwi ni kweli yanaweza kuua sikio moja hivyo, ila r na l usilisingizie. Sikio zima moja sehemu tulivu linatosha kabisa kutofautisha r na l, na wanaozichanganya ni mamilioni ya watu wenye masikio mawili mazima, kwa sababu lugha ya kwanza nyumbani kwao haizitenganishi. Hao wanaokucheka wape imla ya maneno ishirini ya r na l uone.

Sikio moja linakusumbua mahali pengine. Kwenye kelele hujui sauti imetoka wapi, na mtu akikunong'oneza kulia kwako umemkosa. Kwa hiyo darasani kaa upande wa kulia wa chumba ukiwa umeangalia ubao, sikio la kushoto linabaki linaelekea katikati kwa mwalimu na wenzako. Kuhusu mashine, ya kawaida hailisaidii sikio lisilosikia kabisa, zipo za kuchukua sauti upande mmoja na kuipeleka upande wa pili, kaulize ulikopimwa kama inakufaa. Swali ukiwa hujalisikia liulize tena, hata kama watacheka.

Halafu nimeipitia barua yako nzima nikitafuta r na l zilizopishana, nimekuta moja tu, hiyo "kuludia", mhariri alitaka kuirekebisha nikamwambia aiache.